Ndugu anaposita mbele ya sindano

Katika ukurasa huu tumekwisha kuzungumza mengi yanayowagombanisha jamaa: mirathi, mahari, hata mwezi na kuandama kwake. Leo tunaingia katika jambo ambalo siku hizi linazigawa nyumba zetu kimya kimya, nalo ni chanjo. Hatukusudii kuwafundisha madaktari kazi yao. Tunakusudia yale yanayotokea ndani ya nyumba pale mmoja anapotaka mtoto achanjwe na mwingine, ambaye naye anampenda mtoto huyo huyo, anapokataa.

Tuchukue nyumba ya kawaida ya Mji Mkongwe, yenye bibi anayekaa juu na mwanawe na mkwewe wanaokaa chini. Karatasi inaletwa kutoka skuli: wasichana watachanjwa kujikinga na saratani ya mlango wa kizazi. Mama wa mtoto anaridhia. Baba yuko Muscat kikazi, naye anajibu kwa ujumbe wa sauti kuwa asubiriwe kwanza, atauliza. Bibi amesikia kwa mashoga zake kuwa sindano hiyo hufunga uzazi. Wifi aliyeko Uingereza anatuma video ya dakika kumi katika kundi la ukoo, na kabla ya magharibi watu ishirini wameshaipeleka mbele. Ikifika Ijumaa, mama na wifi hawasemezani, bibi amenuna, baba amekasirika kuwa mambo yake yanajadiliwa na ukoo mzima. Na binti, ambaye mkono utakaochomwa ni wake, hajaulizwa na mtu.

Nyumba hii hatukuichora kwa kumlenga mtu. Anayeijua ataiona Kikwajuni, ataiona Mwanakwerekwe, ataiona Makunduchi.

Wengi wetu tunaounga mkono chanjo huanza vibaya, kwa kudhani kuwa anayesita ni mjinga au mkaidi. Tukimchukulia hivyo, mazungumzo yamekwisha kabla hayajaanza, kwa sababu hakuna mtu mzima anayebadili rai yake huku akidharauliwa. Na kusema kweli, wasiwasi huu haukuota wenyewe kama uyoga. Mwaka 1996, wakati Kano ya kaskazini mwa Nigeria ikisumbuliwa na homa ya uti wa mgongo, kampuni ya dawa ya Pfizer iliwafanyia watoto majaribio ya dawa yake mpya, na wazazi wakalalamika baadaye kuwa hawakuelezwa kuwa yale yalikuwa majaribio. Shauri lile lilikwenda mahakamani kwa miaka mingi. Mwaka 2011, katika mji wa Abbottabad nchini Pakistan, Shirika la Ujasusi la Marekani lilitumia kampeni ya chanjo ya homa ya ini kama pazia la kumtafuta Osama bin Laden. Hayo si uzushi wa barazani. Yametokea, na waliolipa gharama ni wachanjaji wanyonge wa vijijini, ambao baada ya hapo walionekana kila mlango kuwa ni majasusi.

Nasi hapa nchini tuna kumbukumbu zetu. Takwimu za korona zilikoma kutangazwa katika siku za mwanzo za Mei 2020. Tarehe 27 Januari 2021, Rais John Magufuli, akiwa Chato, aliwatahadharisha wananchi dhidi ya chanjo za kigeni. Tarehe 17 Februari mwaka huo Zanzibar ilimpoteza Makamu wa Kwanza wa Rais, Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye wiki chache kabla chama chake kilikuwa kimetangaza kuwa ameambukizwa. Tarehe 28 Julai, Rais Samia Suluhu Hassan, mwenyeji wa Makunduchi, akachanjwa hadharani Dar es Salaam na kuwahimiza watu wafuate. Kwa hiyo mzee aliyekaa na kikombe chake cha kahawa pale Jaws Corner aliambiwa mambo mawili yanayopingana, kutoka kiti kimoja cha enzi, ndani ya miezi sita. Akisema leo kuwa anangoja aone, tunamlaumu kwa lipi?

Tumeyataja haya kwanza kwa makusudi. Anayetaka kuzungumza na jamaa yake kuhusu chanjo na akaanza kwa kukana kuwa hakujapata kutokea baya lolote, atakuwa amejinyang'anya uaminifu wake mwenyewe. Kubali lililo kweli, kisha uliza swali linalofuata: je, kwa kuwa walikosea wale, mtoto huyu asikingwe na surua?

Maana Kano hiyo hiyo inatupa sehemu ya pili ya hadithi, ambayo video za kundini hazisimulii. Mwaka 2003 viongozi wa Kano na majimbo jirani walisimamisha chanjo ya polio kwa hofu kuwa imetiwa dawa ya kuzuia uzazi. Wajumbe walitumwa nje, uchunguzi ukafanywa, na mwaka 2004 Kano ikarejea katika chanjo baada ya kukubaliwa kuwa itatoka Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao. Lakini virusi havikungoja mazungumzo yamalizike. Vilitoka kaskazini mwa Nigeria vikaingia nchi nyingi ambazo zilikwisha kuusahau ugonjwa huo, vikafika Yemen, na mwaka 2005 vikafika Indonesia yenyewe, ambayo ilikuwa na miaka kumi bila polio. Watoto zaidi ya 300 wakapooza huko. Hofu ya wazee wa Kano ilikuwa na sababu yake, lakini miguu iliyolemaa ilikuwa ya watoto wa nchi nyingine. Ilichukua mpaka tarehe 25 Agosti 2020 Afrika kutangazwa kuwa imeepukana na virusi vya asili vya polio, na hata baada ya hapo, Februari 2022, Malawi ilitangaza mgonjwa mmoja mwenye virusi vilivyotoka Pakistan. Ndiyo maana mwaka ule wachanjaji walipita mlango kwa mlango nchini mwetu, wakiwatia watoto matone mdomoni na wino kidoleni. Wapo waliouliza kwa nini serikali imekuwa na huruma ghafla kiasi cha kutufuata majumbani. Jibu lilikuwa ni Malawi, lakini hatuna hakika kama kila aliyebisha hodi alipata nafasi ya kulieleza.

Sasa tuje kwenye masuala ya dini, kwa kuwa ndiyo ngao ya mwisho ambayo wengi huiinua pale hoja nyingine zinapokwisha. Yapo mawili, na yanafaa kutenganishwa.

La kwanza ni kusema kuwa ajali haikimbiwi na kwamba kujikinga ni upungufu wa tawakkul. Hili lilikwisha kujibiwa zamani sana. Sayyidna Umar bin Khattab (RA) alipokuwa njiani kwenda Sham akafika Sargh, akapewa habari kuwa tauni imeingia huko, tauni iliyokuja kujulikana kwa jina la Amwas. Baada ya kushauriana na masahaba aliamua kurudi Madina. Abu Ubayda bin Jarrah (RA) akamuuliza iwapo anaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu, na jibu la Umar lilikuwa kwamba anatoka katika qadari moja kwenda katika nyingine, akampigia mfano wa mchungaji anayechagua kumlisha ngamia wake upande wenye majani badala ya upande mkavu. Kisha akaja Abdurrahman bin Awf (RA) na hadithi ya Mtume (SAW) inayokataza kuingia katika mji wenye tauni na kutoka humo kwa kuikimbia. Na wanaosema kuwa dawa ni ya mgonjwa tu, si ya mzima, wakumbuke kuwa Sheikh Abdul Aziz bin Baz wa Saudi Arabia aliulizwa swali hilo hilo kuhusu chanjo, naye akaijuzisha kwa kutoa dalili ya hadithi ya tende saba za ajwa, ambazo mtu huzila asubuhi kabla ya kufikwa na madhara. Tunamtaja kwa kuwa hakuna anayeweza kumtuhumu mwanachuoni yule kwa kuwapendeza wazungu.

La pili ni zito zaidi, nalo ni najisi. Kuna chanjo ambazo katika utengenezaji wake hutumika jelatini au vimeng'enya vya nguruwe. Mtu akikwambia hivyo usimcheke, kwa sababu ni kweli kwa baadhi yake. Mwaka 2018 Indonesia ilikumbwa na suala hili waziwazi katika kampeni ya chanjo ya surua na rubella iliyotengenezwa India. Baraza la Maulamaa la nchi hiyo liliichunguza na kutoa fatwa namba 33 ya mwaka huo, likasema kuwa asili ya baadhi ya vilivyotumika ni haramu, na papo hapo likaruhusu itumike kwa kuwa dharura ipo, ya halali haijapatikana, na wataalamu waaminifu wamethibitisha hatari ya kuiacha. Utaona kuwa maulamaa hawakuficha kitu. Walisema yote mawili kwa sauti moja. Bahati mbaya katika mikoa mingine, hasa Aceh, watu walisikia neno la kwanza wakaliacha la pili.

Kwa sisi wa mwambao, ambao wengi tu Mashafii, kuna jambo la kuangaliwa. Zipo fatwa zinazosema kuwa kitu najisi kikigeuka kabisa umbile lake hutoharika, na hoja hiyo imepata nguvu zaidi kwa Mahanafi. Madhehebu ya Shafii huufanya mlango huo kuwa mwembamba, na anayeleta hoja hiyo mbele ya mzee aliyesoma atarudishwa haraka. Lakini madhehebu hiyo hiyo ina mlango mwingine: Imam Nawawi ameeleza kuwa inajuzu kujitibu kwa kilicho najisi, isipokuwa pombe yenyewe, pindi ambapo cha tohara cha kushika nafasi yake hakipatikani. Basi anayetaka kumtuliza mama mkwe wake kwa dini na aende na hoja ya nyumbani. Bora zaidi, na amchukue mama mkwe huyo mpaka kwa sheikh anayemwamini yeye, si anayeaminiwa na mkwe, na swali liulizwe kwa ukamilifu wake: chanjo gani, ina nini, ugonjwa wake hufanya nini, na je, ipo nyingine. Nusu ya swali huzaa nusu ya fatwa.

Tuseme pia kwa upole kuwa katika jambo hili tunajichagulia. Kila anayekwenda Hijja au Umra hutakiwa awe amechanjwa homa ya uti wa mgongo angalau siku kumi kabla ya kuwasili, na sharti hilo lilikazwa baada ya mahujaji kurudi na ugonjwa huo makwao mwaka 1987 na tena mwaka 2000. Mwaka 2022 Saudi Arabia ilipofungua tena milango kwa mahujaji milioni moja, ilitaka wawe wamekamilisha chanjo ya korona na wawe chini ya umri wa miaka 65. Hatujasikia ami yeyote aliyeiacha safari ya Makka kwa kuikataa sindano. Mkono ule ule unaonyooshwa kwa furaha kwa ajili ya safari, hukunjwa mtoto anapofikisha miezi tisa. Hili tunalisema kwa tabasamu, nasi tungependa lisemwe kwa tabasamu barazani pia, maana likisemwa kwa kejeli litafunga mlango.

Na ile video ya wifi? Tuifuate inakotoka. Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, aliandika katika jarida la Lancet juu ya watoto kumi na wawili, akiashiria kuwa chanjo ya surua, matubwitubwi na rubella inahusiana na usonji. Ikagundulika kuwa kazi ile haikuwa ya uaminifu. Mwaka 2010 jarida likaifuta na yeye akafutwa katika orodha ya madaktari. Lakini uvumi hauna kitufe cha kufutia. Miongoni mwa waliofikiwa nao ni ndugu zetu Wasomali wa Minnesota, Marekani, ambao walikuwa na uchungu wa kweli, kwa kuwa waliona watoto wao wengi wakiambiwa wana usonji na hakuna aliyewapa sababu. Wakefield mwenyewe alikwenda kukutana nao. Mwaka 2004 watoto wa Kisomali wa umri wa miaka miwili waliochanjwa huko walikuwa asilimia 92, ilipofika 2014 walikuwa asilimia 42. Mwaka 2017 surua ikalipuka, wagonjwa 75, wengi wao watoto wa Kisomali ambao hawakuchanjwa. Usonji haukupungua. Kilichoongezeka ni surua.

Tumelieleza hili kwa urefu kwa sababu kisiwani kwetu neno la aliyeko ng'ambo lina uzito wa ziada. Anayetuma fedha za ada na za paa la bati husikilizwa hata katika mambo asiyoyajua. Hakuna ubaya kumwambia kwa heshima: "Dada, video tumeiona, ahsante kwa kutujali. Nani aliyeitengeneza, na daktari wa watoto wako mwenyewe huko anasemaje?" Mara nyingi utakuta watoto wake yeye wamechanjwa zamani.

Lipo jambo jingine la Msomali mmoja ambalo hatuwezi kulipita. Mgonjwa wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya asili alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merka, mwezi Oktoba 1977. Alifanya kazi hospitalini, katika nchi iliyokuwa ikichanja watu mtaa kwa mtaa, na hakuchanjwa kwa sababu aliogopa maumivu ya sindano. Hakuwa na falsafa yoyote dhidi ya chanjo. Aliogopa kuumia tu. Alipona, na miaka mingi baadaye, polio ilipoisumbua Somalia, alizunguka na wachanjaji akiwasimulia kina mama habari zake yeye mwenyewe. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria, akiwa bado katika kazi hiyo. Wapo jamaa zetu wengi wa namna ya Ali kabla ya kuugua. Wanataja siasa, wanataja Marekani, lakini ukikaa nao vizuri utagundua kuwa wanaogopa sindano, na wanaona haya kusema.

Wazee wetu, kwa upande wao, wana kumbukumbu ambayo hatuitumii. Neno lenyewe chanjo ni la kukata ngozi, na lilikuwapo katika lugha kabla ya hospitali. Muulize bibi wa miaka sabini anayesema kuwa watu wa zamani hawakuchanjwa, akunje mkono wa kanga. Kuna uwezekano mkubwa utakuta alama begani. Ukimwomba akuhadithie ya alama hiyo, na majirani zake wenye nyuso za vishimo, na watoto waliozikwa mwaka mmoja katika mtaa mmoja, yeye ndiye atakayekuwa mwalimu, na wewe ndiye msikilizaji. Watu husema mwenye kovu usidhani kapoa. Sisi tunaona kuwa mwenye kovu ana la kusimulia, akiulizwa.

Unguja pia ina somo lake la karibu, ambalo tunashangaa halitajwi mara nyingi. Kipindupindu ni mgeni wa zamani hapa. Daktari James Christie, aliyekuwa Zanzibar wakati wa mlipuko wa 1869 na 1870 ulioua maelfu, aliandika kitabu kizima juu yake. Mwezi Januari na Februari 2009 Serikali ya Zanzibar, pamoja na Shirika la Afya Duniani, iliendesha kampeni ya chanjo ya kunywa ya kipindupindu katika shehia zilizokuwa zikipigwa zaidi, Chumbuni ikiwa mojawapo kwa Unguja na Mwambe kwa Pemba. Waliostahiki kuipata walikuwa 48,178. Waliokunywa dozi zote mbili walikuwa 23,921, sawa na nusu. Ugonjwa ukaja kweli mwaka huo, na hesabu zikapigwa. Waliokamilisha dozi mbili walikingwa kwa asilimia 79. Lakini tunaloliona ni kubwa zaidi ni jingine: hata wasiokunywa walipata nafuu kadiri majirani waliowazunguka walivyokuwa wamekunywa kwa wingi. Yaani mtu wa Chumbuni aliyekwenda kunywa dawa ile alimkinga na jirani aliyemcheka barazani.

Ile nusu iliyokosa haikuwa yote ya wapinzani, wala isidhaniwe hivyo popote. Kuna aliyekwenda dago, kuna aliyekuwa shambani, kuna aliyepata dozi ya kwanza akasahau ya pili, kuna mama asiye na wa kumwachia watoto. Wakati mwingine tunapoteza usiku mzima kumjengea shemeji hoja za kisayansi, kumbe alichohitaji ni mtu wa kumchukua kwa vespa mpaka kituo cha afya.

Turudi sasa kwa yule binti wa skuli, kwani chanjo yake ndiyo inayogombaniwa kuliko zote, na sababu yake hasa ni haya. Ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, kwa dozi mbili, na tangu 2024 hutolewa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Inakinga dhidi ya virusi vinavyosababisha takriban saratani zote za mlango wa kizazi, na virusi hivyo hupita katika tendo la ndoa. Hapo ndipo baba anapoinuka: mwanangu nimemlea, sindano hii ya nini? Swali la baba huyu tunaliheshimu. Lakini binti aliyehifadhika huja akaolewa, na mume anayemwoa huenda alikuwa na mke kabla yake, au ana wa pili, au ana yake ambayo Mwenyezi Mungu amemsitiri. Sindano haimtuhumu binti. Inamwandalia ulinzi katika nyumba ya halali atakayoingia, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitangulia kabla ya ndoa kwa miaka mingi. Ama habari ya kufunga uzazi, Rwanda ilianza kuwachanja wasichana wake mwaka 2011, Malaysia mwaka 2010, Abu Dhabi mwaka 2008. Wale wa mwanzo leo ni wanawake wazima wa umri wa kuolewa na kuzaa, na nchi hizo zingali zinachanja mabinti wengine nyuma yao. Huko Scotland, uchunguzi uliotolewa mwaka 2024 haukumkuta hata mwanamke mmoja mwenye saratani hii miongoni mwa waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13. Anayetaka kujua upande wa pili wa mizani na aulize familia zilizowahi kupanda boti kumpeleka mama Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa ukiwa umeshakomaa.

Namna ya kusema haya ni nusu ya kazi. Kundi la WhatsApp la ukoo si mahali pake, kwa kuwa mbele ya watu ishirini kila mtu hulinda heshima yake kwanza. Nenda mwenyewe, baada ya alasiri, na mkate wa ufuta ikiwezekana. "Shikamoo mama. Nimekuja tuzungumze lile la mtoto. Wewe linalokutia hofu ni lipi hasa?" Kisha unyamaze. Ukisikia ni homa ya baada ya sindano, usimwambie haipo, maana ipo, na mkono huvimba, na hayo kwa kawaida hupita kwa siku moja au mbili. Mwambie pia kuwa mzio mkali hutokea kwa takriban mtu mmoja katika dozi milioni, na ndiyo sababu kituoni huambiwa mkae kidogo kabla ya kuondoka. Na ukikutana na mzazi anayeamini kuwa mwanawe aliharibikiwa baada ya chanjo, weka takwimu zako mfukoni. Kaa naye, msikilize, mwombee mwanawe. Siku hiyo si ya kushinda hoja.

Baba aliye Muscat naye apigiwe simu mapema, kabla ya karatasi ya skuli kuwa jambo la ukoo, na aelezwe na mkewe, si na dada zake. Wengi wa kina baba hawa hukataa kwa sababu wamejulishwa mwisho. Na binti aulizwe. Mtoto wa miaka kumi na tatu ana masikio, naye amesikia skuli mambo ambayo mama yake hajayasikia.

Hatukubaliani na wale wanaosema kuwa kila rai iachwe na mwenyewe. Mtu mzima akiikataa sindano yake, amejikatalia, ingawa na majirani wanaguswa. Lakini mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuwaambukiza watu kumi na wawili mpaka kumi na wanane wasio na kinga, na inatakiwa karibu watoto 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa ili isienee. Aliye hatarini zaidi ni mchanga wa miezi mitano wa jirani, ambaye umri wake wa kuchanjwa haujafika. Kwa hiyo tutaendelea kubisha hodi, mara ya pili na ya tatu, bila ya kukata udugu na bila ya kulinyamazia.

Kwa wale ambao nyumbani kwao jambo limekwisha kukubalika baada ya mvutano mrefu, tunaongeza hili la mwisho. Chanjo ya kwanza ya surua na rubella ni miezi tisa na ya pili ni miezi kumi na minane, na hii ya pili ndiyo inayosahaulika, kwa kuwa mtoto ameshaanza kutembea na mama amekwisha kurejea kazini. Mwenye kadi ya kliniki na aitazame leo. Tarehe ikiwa imepita, asione haya kwenda: kwa chanjo nyingi mtoto haanzi upya, huendelea alipoishia. Na kadi ikiwa imepotea katika kuhama, kituo kilichomchanja kina daftari lake.